Nembo Kwenye Chupa

Ciakuthii alijua kuomba. Si kuomba kwa kulia wala kwa kujikunyata; aliomba akiwa ameketi wima, uso mkavu, kana kwamba yeye ndiye aliyekuja kutoa. Kipaji hicho kilionekana mapema kule kwao karibu na soko la Manyatta. Kanisa lilipotaka mabati au madawati, wazee walimtuma yeye azunguke kwenye maboma. Watu waliozoea kujificha kwenye migomba wakimwona mwenyekiti wa kanisa hawakuwa na namna ya kumkimbia mtoto wa kike aliyekwisha kuwaamkia kwa majina yao, akauliza hali ya ng'ombe wao, kisha akatulia tuli akingoja.

Alipojiunga na tawi la chuo kikuu kimoja lililokuwa limepanga majengo pembeni mwa mji wa Embu, kusomea kilimo, kipaji hicho kilimtangulia. Chuoni kulikuwa na Klabu ya Wakulima Vijana, klabu yenye wanachama wengi na mali chache: meza moja, bango lililochanika, na muhuri. Kila mwaka walipanga ziara ya kwenda kuwafundisha wakulima masokoni, na kila mwaka ziara ilikufa kwa kukosa basi. Wanachama walipomsikia Ciakuthii akizungumza mara moja tu mkutanoni, walimfanya katibu wa ufadhili, mwenye kazi ya kutafuta wafadhili. Hakukuwa na mshindani. Nani angetaka kazi ile?

Ilikuwa kazi ya kukaa kwenye viti vya mapokezi. Alizifahamu ofisi za Embu kwa viti vyake: vile vya benki vilivyokuwa laini na baridi, vile vya chama cha akiba vilivyochubuka, na benchi la kampuni ya mbegu ambalo mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa waya. "Meneja yuko mkutanoni." "Acha barua yako hapo." "Mwaka huu bajeti imeisha." Benki moja ilimpa kalenda za mwaka uliopita. Ali, mchinjaji wa karibu na msikiti, alitoa nyama ya mlo wa mwisho wa mwaka bila kuuliza jina lake lingeandikwa wapi. Lakini nyama haikodishi basi.

Ndipo alipokutana na Runji.

Runji alikuwa afisa mauzo wa kampuni ya dawa za kuua wadudu wa mimea, mtu wa makamo aliyezaliwa palepale Embu, mcheshi, mwenye kiatu kinachong'aa hata siku za matope. Hakumkalisha mapokezini. Alimvutia kiti mwenyewe.

"Dadangu, nyinyi ndio tumekuwa tukitafuta," alisema. "Sisi tukienda sokoni, mkulima anaona tumekuja kumwuzia. Lakini mtoto wa chuo akimwambia dawa hii ni nzuri, ataamini. Nyinyi mnataka nini? Basi? Hema? Tisheti? Nauli ya kwenda kwenye kongamano la wanafunzi?"

"Vyote," Ciakuthii alisema.

Runji akacheka mpaka akajifuta macho. "Sasa huyu ni mtu wa biashara!"

Klabu ilimpokea Ciakuthii siku hiyo kama mtu aliyerudi kutoka vitani na ushindi. Mlezi wa klabu, mhadhiri mmoja mzee aliyeitwa Salesio, hakushangilia na wengine. Runji alipokuja kutia sahihi, alimwita yeye na Ciakuthii kando.

"Hizi dawa si maji ya kunywa," alisema. "Mwanafunzi wangu hatagusa bomba la kunyunyizia bila ovaroli, glavu, buti na kinyago cha kweli. Nimeeleweka?"

"Bila shaka, Mwalimu," Runji alijibu. "Hiyo kwetu ni kawaida."

Na kwa kweli masoko ya kwanza yalikwenda vizuri. Kule Runyenjes, kisha Chuka, kampuni ilimleta mfanyakazi wake, mwanamume aliyevaa ovaroli la buluu, akanyunyiza dawa mwenyewe huku wanafunzi wakishika mabango na kujibu maswali. Wanafunzi walivaa tisheti nyeupe, kifuani jani la kijani ndani ya tone la maji, nembo ya kampuni, na mgongoni jina la klabu. Picha zilipigwa. Runji alimwambia Ciakuthii kwamba wakubwa wa Nairobi walikuwa wameziona na kuzipenda, na kwamba mwaka ujao huenda wakalipia hata karo ya mwanachama mmoja au wawili.

Maneno hayo yalimwingia. Alianza kufikiria namna ya kuwafurahisha zaidi. Kampuni ilikuwa imeleta chupa ndogo za sampuli za kugawia wakulima wa Nkubu, soko la mwisho, na chupa zenyewe zilikuwa na karatasi duni yenye maandishi madogo. Ciakuthii akapata wazo la kuchapisha stika zenye nembo ya klabu na ya kampuni pamoja, kubwa, za rangi. Wanachama walikaa ukumbini mchana mzima wakizibandika. Stika ilienea chupa nzima. Runji alipoiona chupa ya kwanza aliigeuza mkononi kama mtu anayetazama pete.

"Hii nitaipeleka Nairobi," alisema. "Wewe ukimaliza masomo, njoo kwangu kwanza."

Marete alikuwa mmoja wa waliobandika. Alikuwa wa mwaka wa tatu, kijana mrefu mkimya, mtoto wa pekee wa mama mjane wa huko huko Nkubu, na tangu ziara ipangwe alikuwa akihesabiwa kama mwenyeji. Yeye ndiye angewasemesha wakulima kwa Kimeru.

Asubuhi ya Nkubu kulikuwa na jua kali. Shamba la maonyesho lilikuwa la nyanya, nyuma ya soko, na watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ua. Mamake Marete, Cicily, alikuwa mbele kabisa, kitambaa kipya kichwani, akiwaonyesha majirani mwanawe kwa kidole. Lakini yule mfanyakazi wa ovaroli la buluu hakuonekana.

"Ametumwa kwingine," Runji alisema. "Na ni afadhali. Huyu Marete si ni mtoto wa hapa? Wamwone yeye akinyunyiza. Hiyo ndiyo picha!"

"Na ovaroli?" Marete aliuliza.

"Iko kwenye gari la yule jamaa. Lakini ni mistari miwili tu ya nyanya, kijana. Vaa barakoa hii, simama upepo ukiwa nyuma yako. Baba zetu walinyunyizia kahawa wakiwa na shati la kanisani."

Marete hakumtazama Runji. Alimtazama Ciakuthii. Kwa muda mrefu baadaye, kila alipoikumbuka siku ile, Ciakuthii aliukumbuka mtazamo huo kabla ya kukumbuka kitu kingine chochote. Hakukuwa na ubishi ndani yake. Alikuwa anauliza tu, na kama angeambiwa hapana, angeshukuru.

"Katibu, unasemaje?" aliuliza.

Ciakuthii aliwaangalia wale watu wote. Aliliangalia basi lililokodishwa, mahema, mpiga picha aliyekwisha kuinua kamera. "Mistari miwili tu, Marete," alisema kwa sauti ya chini. "Usituangushe leo. Ukimaliza unaoga."

Akavikwa bomba mgongoni.

Lilikuwa bomba la zamani, na mpira wa kifuniko chake ulikuwa umelegea. Kila alipoinama, dawa ilichuruzika polepole kwenye mgongo, ikalowesha jina la klabu, ikashuka kiunoni. Alinyunyiza mistari miwili, halafu wakulima waliochelewa wakaomba waonyeshwe tena, akanyunyiza miwili mingine. Alikuwa akieleza kwa Kimeru, watu wakicheka, mamake akicheka kuliko wote. Alipotua bomba aliomba tisheti nyingine. Hazikuwapo; zilizobaki zilikuwa zimegawiwa watu. Mpiga picha akasema asivue, kuna picha ya pamoja. Basi alikaa na ile ile, nembo kifuani, mgongo umelowa, mpaka chakula cha mchana.

Hakula. Ciakuthii alimwona ameketi kivulini, jasho likimtoka kama mtu aliyenyeshewa. Akadhani ni jua. Alipomkaribia aliona mate yakimtiririka kidevuni bila yeye kuyafuta, na macho yake yalikuwa na mboni ndogo kama kichwa cha sindano.

"Sioni vizuri," Marete alisema. Kisha akatapika, akaanguka ubavu, na misuli ya uso wake ikaanza kurukaruka chini ya ngozi.

Mtu akasema ni malaria. Mwingine akakimbia kuleta maziwa. Cicily alipiga magoti akimshika mwanawe kichwa na kumwita jina lake la utotoni. Walimbeba kwa basi lile la kukodi hadi hospitalini, na kwa bahati haikuwa mbali.

Daktari, mwanamke aliyezungumza haraka bila kupandisha sauti, alimwangalia Marete mara moja akaamuru avuliwe nguo zote na aoshwe kwa sabuni.

"Alikuwa anapuliza dawa gani?"

Ciakuthii alimpa chupa aliyokuwa nayo mkobani. Daktari aliigeuza. Nembo. Akaigeuza tena. Nembo.

"Mimi sitaki tangazo. Nataka jina la dawa."

Ciakuthii alianza kuichuna stika kwa kucha. Gundi ilikuwa nzuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyesisitiza inunuliwe iliyo bora. Stika ilitoka kwa vipande, na kila kipande kilitoka na maandishi ya chini yake, mpaka akabaki na chupa isiyo na neno, yenye utando mweupe. Alimpigia Runji, ambaye alikuwa ametangulia Meru mjini kuonana na wateja.

"Pole sana, dadangu. Anaendeleaje?"

"Bwana Runji, dawa ile inaitwaje? Daktari anauliza kilichomo ndani."

"Ngoja niulize Nairobi kwanza. Unajua mambo haya, siwezi kusema tu ovyo."

Daktari hakungoja Nairobi. Alikuwa ameona wakulima wengi wa aina hiyo, akatibu kile alichokiona kwa macho yake. Jibu la Nairobi lilikuja kesho yake, Marete akiwa tayari amelazwa na mirija mkononi na puani, mzima.

Alikuwa mzima, ndivyo walivyoamini wote. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani, Cicily alimshika Ciakuthii mikono yote miwili mbele ya lango la hospitali.

"Mwari, binti yangu, wewe ndiwe ulimleta mtoto wangu kwa daktari," alimwambia. "Mungu akuweke."

Ciakuthii alitaka kusema. Mdomo ulifunguka, na maneno yaliyotoka yalikuwa, "Asante, Mama."

Baada ya wiki chache, miguu ya Marete ilianza kufa ganzi. Kwanza vidole, halafu nyayo, halafu akawa anatembea akiinua magoti juu kama mtu anayevuka matope. Siku moja alishindwa kuinuka kitandani. Alirudishwa hospitalini, na daktari yule yule akaeleza kwamba dawa za aina ile hufanya hivyo kwa baadhi ya watu: mtu hupona sumu, kisha mishipa ya fahamu ya miguu hunyauka baadaye. Huenda nguvu zingerudi kiasi. Huenda zisirudi. Hakuwadanganya.

Kampuni ilisema miguu haihusiani na siku ile.

Chuo kiliunda kamati ya kuchunguza. Kabla haijakaa, Runji alimwita Ciakuthii hotelini mjini, akaagiza chai ya watu wawili. Hakuwa mcheshi siku hiyo. Alikuwa amekonda, na alizungusha kijiko ndani ya kikombe bila kunywa.

"Sikiliza. Mimi si mtu mbaya. Nina watoto wadogo na mkopo wa nyumba," alisema. "Wakubwa wanataka kitu kimoja tu. Uiambie kamati kwamba Marete alielezwa avae vifaa, akakataa. Basi. Ufadhili utaendelea, na wataweka kitu kidogo cha kumsaidia huyo kijana. Ukisema vingine, wote tutakosa. Na yeye pia."

"Lakini hakukataa. Aliuliza."

"Najua aliuliza. Nilikuwepo."

Wanachama wenzake walikuwa na maoni yao. Mwenyekiti wa klabu alimwambia waziwazi kwamba kongamano limeshalipiwa, na kwamba ukweli hautamrudishia Marete miguu. Ni Mwalimu Salesio pekee aliyemwambia aseme kilichotokea, lakini alilisema akitazama dirishani, kwa kuwa hata yeye hakuwa amefika Nkubu siku ile. Alikuwa na mazishi kwao.

Ciakuthii alikwenda mbele ya kamati akasema yote. Alisema habari ya ovaroli lililobaki garini, na bomba bovu. Alisema habari ya stika, kwamba lilikuwa wazo lake. Na alisema maneno aliyomwambia Marete, neno kwa neno, ingawa hakuna mtu mwingine aliyeyasikia na hakuna aliyekuwa amemwuliza. Wajumbe waliandika. Mmoja alimpa karatasi ya shashi ajifute machozi.

Uamuzi ulipotoka, ulikuwa mfupi. Maonyesho yalikuwa ya klabu, na usalama ulikuwa jukumu la viongozi wa klabu. Mfadhili alikuwa ametoa msaada kwa nia njema. Katibu wa ufadhili, kwa kukiri mwenyewe, alisimamishwa masomo mwaka mzima. Wengine walionywa.

Babake Ciakuthii alisoma uamuzi huo akiwa amesimama kwenye mlango wa zizi. Alikuwa ameuza mti wa makadamia na mtamba mmoja kumpeleka chuo. Hakumgombeza. Alimrudishia karatasi, akachukua ndoo, akaenda kukamua. Kwa wiki nyingi hawakusema mengi zaidi ya habari za majani ya ng'ombe.

Ciakuthii alifunga safari kwenda Nkubu kumweleza Cicily mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Alimkuta anapepeta maharagwe uani. Marete alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, blanketi miguuni. Ciakuthii alipomaliza kusema, Cicily aliendelea kupepeta. Makapi yaliruka na upepo.

"Alikuuliza?" Cicily alisema hatimaye.

"Aliniuliza, Mama."

"Na wewe ukamwambia avae bomba."

"Ndiyo."

Cicily aliweka ungo chini, akaingia jikoni, akafunga mlango. Hakutoka.

"Ungenyamaza tu," Marete alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. "Sasa wewe umefukuzwa, mimi niko hapa, na wao hawajapoteza hata chupa. Imesaidia nani?"

Ciakuthii aliuokota ungo, akamalizia kupepeta maharagwe, kisha akaondoka.

Aliporudi tena, Cicily hakumfukuza wala kumkaribisha. Ciakuthii akafanya lile moja alilolijua: akaanza kuomba. Marete alihitaji mazoezi ya viungo, na kiti cha magurudumu, na nauli ya hospitali. Ciakuthii alirudi kwenye viti vile vile vya mapokezi. Walimkumbuka. Walimsikiliza kwa huruma ya kweli, kisha wakamwuliza kama kutakuwa na bango, kama kutakuwa na watu wa kupiga picha, kama klabu inahusika. Alipojibu kwamba ni kijana mmoja tu mgonjwa, nyumbani kwao, meneja akawa mkutanoni.

Harambee ilifanyika kwenye uwanja wa kanisa, Nkubu, siku ya mvua. Walikuja majirani, walimu wa shule aliyosoma Marete, na wanawake wa kikundi cha mamake. Wakulima waliotazama maonyesho walileta ndizi na viazi vikapigwa mnada, mtu mmoja akinunua, akirudisha, vikauzwa tena. Kutoka klabuni hawakuja. Jioni simu ya Ciakuthii ililia: pesa zilikuwa zimeingia kutoka kwa Runji, zake binafsi, bila neno lolote. Zilikuwa nyingi kuliko zote zilizochangwa uwanjani.

Alimwonyesha Cicily, akasema atazirudisha.

Cicily alizitazama tarakimu kwa muda. "Za kununulia kiti," alisema. "Toa. Mimi si tajiri wa kukataa."

Kiti kilinunuliwa. Kwenye njia za matope za pale kwao hakikwenda mbali. Kilitoka mlangoni hadi kwenye migomba, na mvua ikinyesha hata huko hakikufika. Nguvu zilirudi kidogo kwenye mapaja ya Marete, hazikurudi chini ya magoti. Chuoni hakurudi. Alianza kutengeneza simu za watu kwenye kibanda karibu na soko, na akawa hodari.

Ciakuthii alirudi darasani mwaka ulipokwisha, akakaa na watu asiowajua. Klabu ilikuwa na viongozi wapya na mabango mapya, jani la kijani ndani ya tone la maji. Siku moja msichana mmoja wa mwaka wa pili alimfuata maktabani, akajitambulisha kwa jina la Amira, katibu mpya wa ufadhili. Alikuwa na macho maangavu na daftari kifuani.

"Dada, wamesema wewe ndiye ulikuwa unajua kuongea na makampuni kuliko wote," alisema. "Kampuni ya dawa imebadilisha afisa. Runji alihamishwa. Nilitaka unifundishe jinsi ya kuwaingia."

Ciakuthii alimwambia aketi. Alimsimulia kuanzia mwanzo, hakuruka kitu. Amira alisikiliza vizuri, akasikitika mahali pa kusikitika, akafuta macho simulizi ilipofika kwenye kiti na migomba. Mwishoni akafungua daftari.

"Pole sana, dada," alisema. "Sisi tutahakikisha kuna maovaroli. Sasa, ukienda kuwaona, unaanza na barua ama unapiga simu kwanza?"